Mashine ya Mzee Shabani na Kalamu ya Koplo Abrahamu

Koplo Abrahamu alikuwa mwandishi, ingawa Jeshi la Polisi lilimwajiri kwa kazi nyingine. Alizaliwa Iramba huko Singida, na sasa alikuwa na mwaka wa sita katika kituo kidogo cha Kwemtindi, kwenye milima ya juu ya Soni. Katika miaka hiyo sita alikuwa amejifunza kuvaa sweta mbili chini ya sare, kula mapeasi badala ya zambarau, na Kishambaa cha kumtosha kusalimia, kununua mbatata na kujua anaposengenywa. Lakini jambo moja alikuja nalo kutoka kwao na hakuna baridi iliyoweza kulipunguza, nalo ni mapenzi ya kuandika.

Kesi ya mbuzi ikifika mezani kwake, haikutoka vile ilivyoingia. Mbuzi "asiye na hatia" alilia "kilio cha kukata maini", mwizi alikuwa na "tabasamu la hila", na hata mwezi ulijificha nyuma ya mikaratusi kwa aibu. Askari wenzake walizipenda sana ripoti zake. Saa nne, chai ikishaiva, mmoja wao angesema, "Hebu Koplo, tusomee ile ya mbuzi," naye angekohoa kidogo, avute jalada, asome kwa sauti ya mtangazaji wa redio mpaka mahabusu wenyewe wacheke ndani. Aliamini kabisa kwamba kazi ya ripoti ni kumfanya anayeisoma auchukie uhalifu.

Kisha akaletwa Mkuu mpya wa Kituo, Mkaguzi Msaidizi Rukia. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwembamba, mpole wa sauti, na alitoka Tanga mjini alikokuwa mpelelezi. Koplo alikuwa na miaka arobaini na saba. Kila asubuhi walipokutana nje ya geti, Rukia alimwambia, "Shikamoo, baba," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu." Wakishaingia ndani ya geti, Koplo alikaza mwili na kumpigia saluti. Mambo hayo mawili yalikwenda vizuri kwa wiki tatu nzima, mpaka siku ilipopotea mashine ya Mzee Shabani.

Ilikuwa Februari, jua kali la mchana na ubaridi wa asubuhi, mvua bado iko mbali. Kwa wakulima wa bondeni huo ni wakati wa kumwagilia au kukosa. Saa moja na nusu asubuhi kelele zilisikika kwenye njia ya kupandia kituoni. Watu kama ishirini hivi walikuwa wakipanda mlima, na katikati yao alikuwapo kijana mmoja aliyeshikwa mikono huku na huku. Mbele yao alitangulia Mzee Shabani Shemweta, mkulima wa kabichi na hoho, kofia mkononi na jasho usoni.

"Koplo!" alisema kabla hata ya kufika mlangoni. "Mwizi wangu huyu hapa. Mashine yangu ya maji imeondoka!"

Aliyeshikwa alikuwa Faraji, dereva wa bodaboda, na shamba lake lilipakana na la Mzee Shabani. Mambo mawili yalijulikana juu yake Kwemtindi nzima. La kwanza, miaka tisa iliyopita, akiwa bado kijana mdogo, alikamatwa na kuku wa mwalimu. La pili, tangu kiangazi kianze yeye na Mzee Shabani walikuwa wakigombania maji ya mfereji, kila mmoja akidai zamu ni yake. Na leo lilikuwa limeongezeka la tatu: alfajiri, watu wawili walimwona akishuka kuelekea Soni, nyuma ya pikipiki kuna mzigo mkubwa uliofunikwa turubai.

Kwa Koplo Abrahamu, hadithi ilikuwa imekwisha kujiandika. Alimweka Faraji mahabusu, akashuka bondeni na Mzee Shabani, akaingia kwenye banda la mbao lililokuwa karibu na kijito, akaona pahali ambapo mashine haipo. Alitazama huku na huku kwa dakika tano. Kopo moja lilikuwa njiani, akalisogeza kwa kiatu ili apite. Mzee Shabani alimwonyesha ubao uliovunjika ukutani nyuma, naye akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akarudi kituoni mbio mbio, si kwa sababu ya kesi, bali kwa sababu sentensi ya kwanza ilikuwa imemjia akiwa kwenye kona ya mlima na aliogopa isimtoke.

Saa sita mchana ripoti ilikuwa tayari. Aliipeleka mwenyewe kwa Mkuu wa Kituo, akasimama mbele ya meza kama mtu anayesubiri kupongezwa.

Rukia alisoma. Ilisema hivi: "Mnamo alfajiri ya leo, wakati wakulima wema wakiwa bado wamejifunika mablanketi, mwizi sugu Faraji, kwa moyo uliokauka huruma, alilivunja banda la mzee wa watu na kuing'oa mashine kwa nguvu za kinyama. Alipokamatwa macho yake yalijaa hatia, na akajaribu kujitetea kwa uongo usio na kichwa wala miguu."

Alichukua penseli.

"Koplo, hawa wakulima wamejifunika mablanketi. Uliwaona?"

"Ni lugha tu, afande."

"Sawa. 'Alilivunja banda.' Alivunja wapi?"

"Nyuma. Kuna ubao umevunjika."

"Ubao mmoja? Nafasi yake ina ukubwa gani?"

Koplo alifungua mikono kuonyesha, kisha akaipunguza kidogo, kisha akaipanua tena.

"'Nguvu za kinyama.' Ulikuwepo?"

"Hapana, afande, lakini mashine ile ni nzito."

"Basi andika ni nzito. 'Macho yake yalijaa hatia.' Hatia ina rangi gani?"

Koplo alihisi masikio yanapata joto. "Yalikuwa mekundu."

"Mekundu naelewa. Ulimuuliza kwa nini ni mekundu?"

"Hapana."

"Na huu uongo usio na kichwa wala miguu. Alisema nini?"

"Uongo, afande."

"Nimeuliza alisema nini."

Koplo Abrahamu hakukumbuka. Kijana alikuwa amesema kitu, ndiyo, tena alikisema mara mbili, lakini yeye alikuwa akitafuta neno zuri zaidi ya "ukatili".

Rukia aliweka penseli chini. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuuma Koplo zaidi.

"Nikupe langu," alisema. "Mwaka wangu wa pili kazini niliandika kwamba mtuhumiwa alikimbia kwa kuogopa. Mahakamani wakili akaniuliza, 'Afande, woga wake uliushika au uliuonja?' Watu wakacheka mpaka hakimu akagonga meza. Baada ya hapo hata niliyoyaona kwa macho yangu hawakuyaamini. Na yule alikuwa mwizi kweli, Koplo. Aliondoka akinipungia mkono." Alimrudishia karatasi. "Ukishaniandikia 'mwizi', mimi sina tena cha kutafuta. Nenda ukaniletee ulichoona, ulichopima, na aliyosema kila mtu kwa maneno yake. Saa kumi jalada linatakiwa Lushoto."

Koplo alipiga saluti, akatoka. Nje alisimama kwenye jua akiwa amekunja karatasi yake mkononi, na kama isingekuwa sare angepiga teke kitu. Miaka ishirini na mbili kazini! Na anafundishwa insha na mtoto ambaye angeweza kuwa binti yake wa kwanza. "Anataka ripoti kavu," alijisemea. "Nitampa kavu mpaka akohoe."

Alianza na mahabusu. Faraji alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Koplo akavuta kigoda, akafungua daftari, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama usoni.

"Faraji. Leo asubuhi ulibeba nini?"

"Mapeasi," alisema Faraji. "Nimekuambia tangu asubuhi. Matenga mawili ya mapeasi."

"Ukayapeleka wapi?"

"Soni, kwenye basi la Mombo. Kuna mama anaitwa Janeth, anauza matunda pale stendi ya Mombo. Namba yake ninayo kwenye simu. Simu mnayo ninyi."

Koplo aliandika neno kwa neno. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetimiza amri tu, "Kwa nini macho yako ni mekundu?"

Faraji alimtazama kama anayetazama mtu aliyeanza kuugua. "Vumbi, afande. Naendesha pikipiki bila miwani, na barabara unaijua."

Koplo aliandika pia. Kisha akaichukua simu, akapiga ile namba akiwa ameiweka sauti ya nje. Mwanamke alipokea katikati ya honi za magari na wauza mahindi.

"Ndiyo mimi Janeth. Polisi? Kwani amekufa?"

"Hajafa, mama. Nataka kujua kama umepokea mzigo wowote leo kutoka kwake."

"Nimepokea. Matenga mawili, saa mbili kasoro. Na umwambie tenga la chini amenichanganyia mabichi! Hiyo tabia aiache!"

Faraji aliinamisha kichwa. Kwa hilo alionekana kuwa na hatia kweli, lakini Koplo aliyaandika maneno ya Janeth bila kuongeza lake. Alimaliza ukurasa, akauangalia. Ulikuwa mkavu kama mahindi ya ghalani. Lakini kulikuwa na kitu cha ajabu ndani yake: alipousoma tangu juu, ule mzigo wa turubai uliokuwa umekaa kichwani mwake tangu asubuhi, wenye umbo la mashine kabisa, na hata bomba likichomoza, ulianza kuwa wa mapeasi, na haukukubali tena kuwa kitu kingine.

Alimpelekea Rukia ukurasa ule. Rukia akausoma, akaagiza Faraji atoke kwa dhamana, aende nyumbani, aitwe akihitajika. Faraji alitoka mpaka kwenye benchi la nje, akaketi.

"Uko huru kwenda," Koplo alimwambia.

"Nimesikia. Siendi."

"Kwa nini?"

"Nimeletwa hapa mbele ya watu, wameniona wote, mpaka mama yangu mdogo. Nikishuka peke yangu watasema nimetoroka. Aliyenileta atakuja kunichukua, mbele ya watu hao hao."

Koplo alivuka barabara kwa fundi seremala, akaazima futi ya kupimia, akashuka bondeni.

Mzee Shabani alimkuta bandani akiwa amepiga magoti. "Shikamoo, mzee," Koplo alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Koplo, unatafuta nini tena, si mwizi tunaye?"

"Natafuta vipimo, mzee wangu. Amri ya wakubwa."

Akapima ile nafasi ya ubao uliovunjika. Upana sentimita thelathini na moja, urefu hamsini. Akatazama kwa karibu: pembeni mwa ubao buibui alikuwa ametanda utando wake, mpana, mzima, wenye vumbi la siku nyingi. Akapima jukwaa la zege ambalo mashine ilikuwa imekaa. Alama ya kitako chake ilionekana wazi kwa mafuta meusi, upana sentimita arobaini na nane. Bolti nne zilisimama juu ya zege, nyuzi zake safi, hakuna iliyopinda. Nati zake hazikuwepo.

Kisha akaliona lile kopo. Lilikuwa pale pale alipolisukuma asubuhi, kopo la maziwa ya unga. Akaliinua, akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na mafuta ya dizeli, na ndani ya mafuta kulikuwa na nati nne, zimelala kwa utulivu, zimelowekwa.

Koplo Abrahamu alikaa juu ya jiwe. Asubuhi alikuwa ameligusa kopo hili kwa kiatu chake. Alikuwa amesikia nati zikigongana ndani, hata sauti yake aliikumbuka. Hakuliandika kwa sababu halikuwa na nafasi katika hadithi yake. Mtu mwenye nguvu za kinyama na moyo uliokauka huruma haloweki nati kwenye dizeli ili zisishike kutu.

"Mzee wangu," alisema polepole, "nichukue maelezo yako upya. Nitaandika unayosema wewe tu, halafu nitakusomea, ukikubali utasaini. Leo asubuhi ulipofika hapa, mlango ulikuwaje?"

"Umefungwa."

"Umefungwa kwa nini?"

"Kwa kufuli, Koplo, kwa nini tena?"

"Ukaingiaje?"

"Nikafungua kwa ufunguo wangu. Nikaingia, nikakuta hakuna kitu. Nikapiga kelele."

Kalamu iliandika. "Funguo za kufuli hili ziko ngapi?"

"Mbili. Huu hapa, na mwingine anao mke wangu, Aisha."

"Mke wako yuko wapi?"

"Kashuka Mombo tangu jana mchana. Binti yetu kajifungua. Mtoto wa kiume, alhamdulillahi."

"Hongera sana, mzee. Wewe jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Soni, kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu. Nimerudi magharibi."

"Mashine ilikuwa nzima?"

Mzee Shabani alijikuna shingo. "Nzima. Ila ilikuwa inavuta hewa. Na kuzima zima. Kamba niliyoifunga ilikuwa inasaidia."

Koplo aliandika mpaka mwisho. Kisha akasimama, kama sheria inavyotaka, akamsomea mzee maelezo yake mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, bila utangazaji wowote.

"'Nilifika bandani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nilifungua kwa ufunguo wangu. Mashine haikuwepo. Funguo ni mbili. Wa pili anao mke wangu...'"

"Ngoja," alisema Mzee Shabani.

Koplo aliinua kalamu. Maji ya kijito yalisikika yakipita, na ng'ambo ya bonde mtu alikuwa akipasua kuni.

"Soma tena hapo pa ufunguo."

"'Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nilifungua kwa ufunguo wangu. Mashine haikuwepo.'"

Mzee alivua kofia yake. Akaitazama ndani, kama vile jibu lilikuwa limewekwa humo. Akaivaa tena.

"Koplo, mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka kabisa, "juzi usiku mke wangu aliniambia neno fulani kuhusu mashine."

"Alisema nini?"

"Sijui."

"Hujui vipi, mzee?"

"Kulikuwa na mpira redioni. Dakika za mwisho. Kona."

"Na wewe ulimjibu nini?"

Mzee Shabani alitazama zile bolti nne juu ya zege. "Nilisema sawa," alinong'ona. "Nadhani nilisema 'sawa, sawa, nenda.'"

Simu ya Bi Aisha haikupatikana, lakini ya mkwewe iliita. Mama akapewa simu, na Koplo alipotaja tu neno mashine, sauti ya mama ilijaa bonde zima hata bila kuwekwa ya nje.

"Mashine iko Soni kwa fundi Silvano! Si nilimwambia huyo mume wangu? Nilimwambia juzi, nikasema baba, kabichi zinakufa na wewe unafunga kamba, kesho namwita fundi aichukue nikiwa bado nipo, nimfungulie mwenyewe, ndipo nishuke kwa mtoto. Akasema sawa! Nati nimemwambia fundi asiondoke nazo maana mwaka jana alizipoteza. Kwani kuna nini? Polisi wa nini?"

Koplo alimtazama Mzee Shabani. Mzee alikuwa akifanya ishara za mikono, akimsihi asiseme.

"Hakuna neno, mama," Koplo alisema. "Mzee alikuwa anataka tu kujua itakuwa tayari lini."

"Leo jioni! Na nilimwambia hilo pia!"

Walipanda mlima pamoja, bila haraka. Walipofika karibu na maduka, Mzee Shabani alianza kurudi nyuma nyuma, lakini Koplo hakumsukuma wala kumhimiza, na mwisho mzee alitangulia mwenyewe. Watu walikuwa wameshajaa tena pale kituoni, kwa kuwa habari za kijana aliyeachiwa akakataa kuondoka zilikuwa zimefika mpaka mashamba ya juu. Faraji alikuwa bado kwenye benchi, akila muhogo wa kuchoma ambao mtu alikuwa amemletea.

Mzee Shabani alisimama mbele yake. Mzee mzima, mwenye wajukuu, alisimama kama mwanafunzi.

"Faraji," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mashine yangu haikuibiwa. Iko kwa fundi, mke wangu ndiye aliyeipeleka, na aliniaga, sikusikiliza. Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi."

Mama mmoja aliyebeba ndoo ya nyanya akaanza kucheka, wakacheka wengine, na Faraji, ambaye alikuwa amejiandaa kukasirika kwa angalau wiki mbili, akajikuta mdomo unamtoroka na kucheka pia.

"Shikamoo, mzee," alisema, akiinuka.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Koplo Abrahamu hakucheka. Alisubiri zipungue kelele, kisha na yeye akamwendea. "Mimi nami," alisema. "Asubuhi ulinieleza habari za mapeasi mara mbili, sikukuandika. Nisamehe."

Faraji alipangusa mikono. "Lakini baadaye uliandika," alisema. "Hata vumbi uliliandika."

Koplo aliingia ndani, akakaa mezani kwake, akaandika ripoti upya. Ilimchukua dakika arobaini na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya na kalamu. Mara mbili mkono ulitaka kuandika "kwa mshangao mkubwa", akauzuia. Mara moja aliandika "kopo la huzuni", akalifuta neno la huzuni. Mzee Shabani aliingia kumwomba pembeni: je, lile la mpira na kusema sawa, ni lazima liwepo? Halingeweza kuandikwa tu kwamba palitokea kutoelewana?

"Mzee wangu, uliyoyasema ndiyo niliyoandika," Koplo alimjibu kwa upole. "Nikibadilisha lako kwa kukuonea haya, kesho nitabadilisha la mwingine kwa kumchukia."

Mzee alifikiri, akaguna, akasaini.

Zikabaki sentensi mbili ambazo hakuna aliyemtaka aziandike. Hakuna aliyejua habari zake. Koplo alizungusha kalamu vidoleni, akatazama dirishani ambako ukungu wa alasiri ulikuwa unaanza kupanda kutoka bondeni, akaandika: "Nilipofika eneo la tukio mara ya kwanza, nililisogeza kopo kwa kiatu changu na nikasikia vyuma vikigongana ndani yake. Sikulifungua wala sikuliandika."

Rukia aliisoma ripoti akiwa amesimama. Kurasa mbili tu. Alifika kwenye nafasi ya sentimita thelathini na moja na kitako cha sentimita arobaini na nane, akaitikia kwa kichwa. Alifika kwenye "Kulikuwa na mpira. Nilisema sawa," na Koplo akaona mabega yake yanatikisika. Akaficha mdomo kwa karatasi, haikusaidia, akaketi, akacheka mpaka akatoa leso. Askari wawili walichungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Koplo," alisema akijifuta macho, "hujaweka utani hata mmoja humu."

"Hapana, afande. Sijaweka."

Kisha alifika kwenye sentensi mbili za mwisho. Alizisoma, akazirudia. Aliweka saini yake chini, akafunga jalada, akasimama wima na kumpa mkono, na ingawa walikuwa ndani kabisa ya geti, alisema, "Ahsante, baba."

Saa kumi na moja jioni mashine ilirudi kutoka Soni. Fundi Silvano aliileta barabarani kwa gari, na kutoka hapo Faraji na kijana mwingine waliibeba mpaka bondeni, Mzee Shabani akiwatangulia kuondoa matawi njiani na kuwaelekeza pasipo haja. Nati zilitolewa kwenye dizeli, zikafungwa. Fundi alivuta kamba mara moja, mashine ikanguruma, na baada ya kikohozi kifupi maji yakapanda kwenye bomba na kumwagika juu ya matuta ya kabichi.

Walisimama watano wakiyatazama, Koplo Abrahamu, aliyekuwa amewafuata, akiwa mmoja wao. Kisha Faraji akasema kwamba, kwa heshima zote, maji hayo ni ya siku yake. Mzee Shabani akasema, kwa mapenzi yote, si kweli. Wakaanza tena pale pale, mmoja akihesabu kwa vidole siku za Mzee, mwingine siku za Faraji, mpaka wote wawili wakamgeukia Koplo Abrahamu kwa wakati mmoja.

"Tuandikie wewe," alisema Mzee Shabani. "Tuandikie kama ulivyoandika leo. Siku, saa, jina. Usitutilie maneno."

Koplo aliketi kwenye ukingo wa tuta, viatu vikilowa, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya. Walibishana Jumatano kwa robo saa nzima, na yeye akasubiri bila kuandika. Walipokubaliana, aliandika mistari mitano, akawasomea mara mbili, na wakasaini kwa zamu kwa ile kalamu yake, Faraji akiwa ameuweka ukurasa juu ya tangi la mashine iliyokuwa ikitetemeka, kiasi kwamba saini zote mbili zilitoka zimepinda.